Wimbo wa Ngamia Aliyelala Ukingoni

Jeddah, Jumapili, tarehe 3 Machi 2013

Dada yangu Barni,

Leo ni miaka miwili na miezi minne tangu nitoke El-Goray. Nilisema nitakaa mwaka mmoja. Hilo tuliache.

Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Hapa zizini bandarini tunaziacha getini, na tukitoka kwenu mmeshalala. Siku za mapumziko nimekupigia mara nne. Anapokea karani wako, anauliza, "Unahitaji huduma gani, mzee?" Nikamwambia nahitaji dada yangu. Akasema diwani yuko kikaoni. Basi barua hii anayo Bulhan, mmoja wa wachungaji wanaosafiri na kondoo melini. Atashuka Berbera na atapita kwenu. Yeye hatakuuliza huduma.

Hongera kwa kuchaguliwa. Habari nilizipata kwa dereva wa lori, mtu wa Burao, ambaye ana wimbo wako ndani ya gari na haupumzishi. Nilipomwambia wewe ni dada yangu alicheka. "Wewe? Unayenuka kondoo hivi?" Nikamwambia Barni naye alinuka kondoo, ila wimbo hauna harufu. Tangu siku hiyo ananipa lifti.

Kazi ni ile ile. Meli inafunga, tunafungua lango la chuma, kondoo wanashuka ngazi kwa ngazi, tunawahesabu, tunawaingiza zizini, daktari anawatazama masikio na midomo. Wengine wana alama ya rangi mgongoni, kila mfanyabiashara na rangi yake. Wakiwa wengi tunafanya kazi mpaka miguu inasahau kukaa. Watu wa hapa hawaimbi kazini. Mwanzoni nilikuwa naimba wimbo wa baba, ule wa kuvuta maji. Msimamizi akaniuliza kama naumwa.

Unakumbuka siku yule ofisa wa serikali ya zamani alipokuja kisimani na askari wake sita? Ulikuwa na miaka ishirini na mbili, wimbo wako ulikuwa umeshafika Hargeisa kwa kaseti. Akasimama juu ya baba, baba yuko ndani ya kisima mpaka kifuani, akasema, "Huyo aliyekaa ukingoni anayeimbwa na binti yako ni nani?" Baba hakuacha kuvuta. Akasema, "Dume la ngamia, afande. Ameshakunywa na amelala ukingoni, wenzake wanakosa nafasi." Ofisa akauliza, "Jina lake?" Baba akasema, "Hana jina, afande. Anakunywa tu." Wakaondoka. Wimbo wa kazi haukamatwi. Hata wale walilijua hilo.

Nimesikia umeapa mbele ya wazee wa ukoo kwamba hutaimba tena. Ni kweli?

Mke wangu Sagal hajaniandikia tangu mwezi wa kwanza, na nyumbani kwetu simu haishiki. Mpitie umtazame. Mwambie nitarudi baada ya hija, meli zikipungua. Mwandiko wangu usikushangaze, kalamu za hapa ni mbovu.

Mdogo wako,
Diriye Shirwa

*

El-Goray, Jumanne, tarehe 9 Aprili 2013

Mdogo wangu Diriye,

Barua yako imenifikia salama na nimefurahi kujua u mzima. Karani nimemsema. Sasa anajua sauti yako.

Ndiyo, niliapa. Wazee walikaa siku tatu. Walisema mwanamke diwani wanaweza kumvumilia na mwimbaji wanaweza kumsamehe, lakini vyote viwili ndani ya nguo moja, hapana. Nikachagua. Nina miaka hamsini, Diriye. Nimeimba kuhusu maji miaka thelathini na sijaleta hata bomba moja. Niliona afadhali ninyamaze nilete.

Lakini wimbo wenyewe sikuutupa. Kwenye kampeni niliuzungumza tu, sikuuimba. Niliwaambia watu kwa mara ya kwanza hadharani kwamba aliyekaa ukingoni hakuwa ngamia hata siku moja, alikuwa mkuu wa jeshi wa mkoa, na kwamba wimbo ule ndio uliomng'oa. Watu walisimama. Wanawake walilia. Walinichagua kwa ajili ya hilo, sitaki kujidanganya.

Na maji nimeyaleta. Mimi ndiye mkuu wa kamati ya maji. Kisima cha zamani tumekifunika kwa chuma na tumeweka pampu. Gharama zimetolewa na Kayse Nuh, yule mfanyabiashara wa mifugo, na baraza limempa akiendeshe kwa miaka kumi. Mifugo yake inakunywa hapo ikielekea Berbera, na mji unapata bomba lake asubuhi. Hakuna tena mtu wa kushuka kisimani na kamba. Baba angekuwa hai angeona.

Kuna manung'uniko kidogo, kama kawaida ya jambo jipya. Yatapita.

Sagal hajambo. Ana shughuli nyingi siku hizi, ndiyo maana hajakuandikia. Nitampelekea salamu zako.

Dada yako,
Barni Shirwa
Diwani

*

Jeddah, Jumapili, tarehe 5 Mei 2013

Dada yangu Barni,

Miaka miwili na nusu sasa. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, mbele ya watu wa chumbani. Nilijigamba, nisikufiche. Nikawaambia, kwetu hakuna mtu tena wa kushuka kisimani, dada yangu ameweka pampu.

Juzi meli ilileta kondoo wa Kayse. Niliwajua kwa rangi ya buluu. Wanono, midomo safi, daktari hakurudisha hata mmoja. Nilimwambia mwenzangu, mtu wa Sudan, "Hawa wamekunywa maji ya kwetu." Akasema, "Basi waulize habari za nyumbani." Tulicheka.

Nimefurahi. Siku nyingine uniandikie lini mlifungua bomba, na Sagal anachota saa ngapi.

Natarajia kurudi baada ya hija kama nilivyosema.

Mdogo wako,
Diriye

*

El-Goray, Jumapili, tarehe 26 Mei 2013

Baba Ilwad,

Amani iwe juu yako. Sisi tu wazima. Ilwad ameng'oka jino la utoto, mbuzi wamebaki kumi na mmoja, na mimi nilikuwa mahabusu. Nimeanza na jino ili usikae vibaya.

Bulhan ameniambia unajisifia pampu huko. Amesema umewaambia watu kwamba mkeo anachota kwa bomba. Nimecheka mpaka nikakaa chini. Sikiliza nikueleze pampu.

Bomba linafunguliwa alfajiri, linafungwa kabla jua halijachomoza vizuri. Mji mzima, bomba moja. Ukikosa, umekosa mpaka kesho. Halafu asubuhi kondoo wa buluu wanakuja, horini maji yanamwagika mpaka chini, na sisi tumesimama nje ya uzio na madumu matupu tunatazama matope. Mbuzi wangu watano walikufa mwezi wa tatu. Hawakufa kwa ukame, walikufa hatua mia mbili kutoka kisimani.

Tulikwenda barazani, tukaambiwa tuandike barua. Tukaandika. Tukaambiwa imefika. Basi Jumatatu ya tarehe mosi Aprili tulisimama kwenye uzio, wanawake kama thelathini, nikaanzisha wimbo. Wimbo gani mwingine? Wa wifi yangu.

Vuta, mkono wangu, vuta,
aliyekaa ukingoni hana kiu.
Vuta, maji yaje juu,
atanyanyuka tu, atanyanyuka.

Polisi wakaja. Ofisa akasema huo ni uchochezi. Nikamwambia, "Mwanangu, huu ni wimbo wa kazi, mama yako aliuimba ukiwa mgongoni kwake." Akasema wimbo wa kazi unaimbwa mtu akiwa na kazi. "Kamba yako iko wapi, mama?" Nikamwambia, "Mmeifungia ndani." Wenzangu wakaangua kicheko, na nafikiri ni kicheko kile kilichonipeleka mahabusu, si wimbo. Siku kumi na moja. Simu wameichukua mpaka leo.

Siku ya nane alikuja wifi. Kajifunika mpaka macho, ana chupa ya maziwa. Akasema, "Sagal, omba msamaha. Sema hukujua maana ya wimbo." Nikamwambia, "Wifi, wimbo ni wako. Kama kuna asiyejua maana yake, si mimi." Akaacha maziwa akaondoka. Nilikunywa. Sikutaka kuwaachia polisi maziwa.

Sasa kesi. Hakimu, mzee Adar, si mtu mbaya. Amesema neno moja ndilo la kuamua: kama ule ni wimbo wa kazi, hakuna kosa, ndivyo ilivyo tangu babu zetu. Kama ni wimbo wa kupinga utawala, nakwenda jela miezi sita. Na anayejua wimbo ni nini ni aliyeutunga. Kwa hiyo ameagiza dada yako aje mahakamani kusema, Jumatatu ya tarehe 19 Agosti, baada ya Idi.

Lakini dada yako amesema kwenye kampeni, mbele ya mji mzima, kwamba ule wimbo uliangusha jeshi. Umeona? Akisema ukweli, naingia ndani. Nikiingia, Ilwad atakwenda kwa mama yangu na mbuzi watakwenda kwa Mungu.

Sikuombi urudi. Nakueleza tu, kwa sababu naona umeelezwa vingine. Na mwandiko wako umekuwaje? Ile barua ya mwezi wa tatu wifi alinionyesha bahasha yake. Kama kuku amekanyaga majivu.

Mimi,
Sagal

*

Jeddah, Alhamisi, tarehe 20 Juni 2013

Dada Barni,

Ni miaka miwili na miezi saba. Nimepata barua ya mke wangu.

Nimelinganisha tarehe. Barua yako ni ya tarehe tisa Aprili. Siku moja kabla ulikuwa umempelekea maziwa mahabusu. Uliandika "Sagal hajambo, ana shughuli nyingi." Uliandika utampelekea salamu zangu. Sitaandika zaidi juu ya hilo. Uliandika wewe, ulisome wewe.

Leo asubuhi wameshuka kondoo wa buluu mia nane. Niliwapeleka zizini kama kawaida. Sikuwapiga. Hawana kosa, wanakunywa tu.

Nataka useme mahakamani kwamba ni wimbo wa ngamia. Najua utaniambia ni uwongo. Najua zaidi yako, nilikuwa nimekaa ukingoni karibu na bega la baba siku ile, niliona anavuta ndoo tupu na hajui. Alidanganya ili uishi, na sisi sote tukala kwa uwongo ule miaka yote. Hukuwahi kuukataa mpaka ulipohitaji kura.

Watu watakucheka. Watasema shujaa wetu alikuwa anachunga ngamia. Wacheke. Mimi hapa nachekwa kila siku na bado nala.

Wewe uliimba kwamba aliyekaa ukingoni atanyanyuka. Nani amekaa hapo sasa, dada? Sikuulizi kwa ubaya. Nauliza kwa sababu mimi niko mbali na wewe ndiye unayeona.

Nitarudi baada ya hija. Natumaini nitamkuta mke wangu nyumbani.

Diriye

*

El-Goray, Jumapili, tarehe 25 Agosti 2013

Mdogo wangu Diriye,

Sikukujibu mapema, nilingoja kesi ipite. Sasa nitakueleza ilivyokuwa, bila kupunguza.

Ile barua ya Aprili niliiandika asubuhi, na nilipofika penye jina la Sagal kalamu ilisimama. Nikaona nikikueleza utapanda meli ya kwanza, uache kazi, uje ugombane na mimi mbele ya watu. Nikaandika nilichoandika. Niliogopa kwa ajili yangu, si kwa ajili yako. Mengine niliyojiambia yalikuwa ya kujipamba.

Jumatatu mahakama ilijaa mpaka madirishani. Kayse Nuh alikaa mbele, kamletea hakimu kiti cha mto. Hakimu alikirudisha. Nikaitwa. Mzee Adar akauliza, "Diwani, huu wimbo ni wa nini?" Nikasema, "Ni wa kuvuta maji." Akauliza, "Aliyekaa ukingoni ni nani?" Nikasema, "Dume la ngamia. Ameshakunywa na amelala."

Hapo ndipo walipocheka. Mwendesha mashtaka alikuwa na simu yake tayari. Akaiweka mezani, ikatoka sauti yangu mwenyewe ya kampeni: hakuwa ngamia hata siku moja. Watu wakageuka kunitazama. Hakimu akaniuliza, "Barni binti Shirwa, siku gani ulidanganya, jukwaani au leo?"

Diriye, nilikuwa nimejiandaa kwa maswali yote ila hilo. Nilimtazama Sagal. Alikuwa anachokoa jino kwa kijiti kama mtu aliyesubiri chai. Nikasema, "Jukwaani."

Sijui ni lipi kati ya hayo mawili lilikuwa uwongo. Nilipoutunga nilikuwa navuta maji. Nilikuwa namfikiria yule mkuu wa jeshi, na nilikuwa navuta maji. Hakimu hakuuliza hivyo.

Mwendesha mashtaka akasema neno la mtu mwenye ndimi mbili halitoshi. Mzee Adar akakuna ndevu. Akasema wimbo wa kazi una shahidi wake, nao ni mkono. Wimbo wa maandamano unafuata mguu, wimbo wa kisima unafuata kamba, na ukivuta kwa wimbo usio wa kisima ndoo inagonga ukuta. Akainuka. Akasema, "Twendeni kisimani."

Mji mzima ukatoka. Mtu wa Kayse akasema ufunguo wa kifuniko hauonekani. Hakimu akamwambia atautafuta akiwa mahabusu, ukaonekana. Wakainua chuma. Ile baridi ya kisima ikatupiga usoni, unaijua. Bibi Roda akatoka nyumbani kwake na kamba na ndoo ya ngozi, kavu kama ubao, alikuwa anaitumia kuwekea vitunguu. Hakimu akamwita yule yule ofisa wa polisi aliyemkamata Sagal, akamwambia, "Vua koti, uvute." Kisha akanitazama mimi. "Na wewe imba."

Wazee watatu walioniapisha walikuwa wamesimama pale pale. Mmoja wao, Mzee Hirsi, akasema, "Diwani ana kiapo." Hakimu akajibu, "Anacho. Na kuna mwanamke ana miezi sita." Mzee Hirsi akasogea pembeni.

Nikaimba. Sauti imekuwa nzito, mstari wa kwanza ulipasuka, na ndoo ikagonga ukuta. Sagal akasema kwa sauti, "Wifi, si kampeni hii, vuta pumzi." Watu wakacheka, nami nikacheka, nikaanza upya. Ofisa akashika mwendo. Mkono juu kwenye "vuta," mkono juu kwenye "juu." Ndoo ikapanda haikugusa ukuta hata mara moja. Ilipofika, hakimu akanywa, akafuta ndevu, akasema mbele ya wote: "Ni wimbo wa kazi. Kesi imekwisha."

Sagal alimpa mkono ofisa. Akamwambia, "Kamba ndiyo hii, mwanangu."

Barua ya wazee ilinifikia kabla sijafika nyumbani. Nimevunja kiapo, ukoo umenipokonya nafasi ya udiwani. Nimebaki na muhuri, karani atakuja kuuchukua kesho. Kwenye vibanda vya chai watu wananiita Mama Ngamia. Nimesikia hata yule dereva wako wa lori, mtu wa Burao, amefuta wimbo wangu kwenye gari.

Kisima bado ni cha Kayse kwa karatasi, miaka kumi, na saini ni yangu. Lakini kifuniko hakijarudi. Siku ya pili yake wanawake walikuja na kamba, arobaini, kila mmoja na yake, wakavuta na kuimba. Polisi walikuja, wakatazama mikono, wakaondoka. Hukumu ni hukumu: mwenye kamba mkononi hakamatwi. Wanavuta tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na kondoo wa buluu wanasubiri zamu. Kayse amepeleka malalamiko barazani. Ameambiwa aandike barua.

Jana nilikwenda na kamba yangu. Walinipisha mstari. Nikafunga ndoo, nikaishusha, na mmoja akasema, "Imba basi, tunachelewa."

Dada yako,
Barni

*

Jeddah, Ijumaa, tarehe 18 Oktoba 2013

Mama Ilwad,

Leo ni miaka miwili, miezi kumi na moja na siku kadhaa tangu nitoke. Hija imekwisha. Zizi limebaki tupu, tumelifagia.

Barua hii msomee na dada. Yake nimeipata, sikuisomea watu. Nilimwonyesha yule mtu wa Sudan sehemu ya ndoo, akataka nimwimbie. Nikamwimbia. Msimamizi alipita, safari hii hakuuliza kama naumwa.

Mwambie dada dereva hakufuta wimbo. Nilimuuliza. Amesema alitaka kuufuta, halafu akapata pancha njiani, akawa anapampu gurudumu, na wimbo ukaingia sawa na mkono. Ameuacha. Mwambie pia sina la kumdai. Alidanganya mara moja vibaya na mara moja vizuri. Baba naye hakuwa na zaidi ya hapo.

Sasa la kwangu. Uliuliza mwandiko. Si kalamu. Naandika kwa mkono wa kushoto tangu mwezi wa pili. Lango la chuma la ngazi lilishuka kabla sijaondoa mkono, vidole vitatu vya kulia vimekwenda. Kidonda kimepona zamani. Niliendelea na kazi, fimbo inashikika kwa mkono wowote. Sikukueleza kwa sababu zile zile za dada, kwa hiyo ukitaka kunigombeza, tugombeze wote wawili kwa siku moja, uokoe muda.

Meli ya Bulhan inarudi tupu na nahodha amekubali kunichukua kama mchungaji, ingawa hakuna kondoo wa kuchunga. Nategemea kushuka Berbera Jumanne, tarehe 29 Oktoba, na kama lori lipo nitakuwa El-Goray Jumatano kabla hamjamaliza kuvuta. Nitapitia kisimani kwanza. Niwekeeni nafasi kwenye kamba, na muimbe taratibu mpaka mkono wa kushoto uzoee.

Mume wako,
Diriye Shirwa